Gari la kulala likiwa HiAce, spea za daladala zinatosha?

Hapa Arusha utasikia: "Nunua gari la kulala la HiAce, lile lenye kitanda na jiko ndani, fundi yeyote wa daladala atalitengeneza." Kweli nusu. Bushi, breki na shokapu utapata bila kuhangaika, tofauti na Fiat Ducato, ambayo huko Ulaya ndiyo inayojengewa nyumba za magurudumu kuliko nyingine, lakini huku mafundi wengi hawajawahi kuifungua.

Kasoro iko kwenye injini. HiAce zenye injini ya dizeli iitwayo 3L hutumia pampu ya dizeli ya kawaida, isiyo na kompyuta. Fundi mwenye spana na sikio zuri anaimudu. Zenye injini ya 1KD ni komoni reli, yaani dizeli husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia bomba moja: nozeli, zinazonyunyiza dizeli, zinaongozwa na kompyuta, hazipendi dizeli chafu, na kuzipima kunahitaji mashine. Jina moja, bili mbili. Kwa hiyo inua kiti cha mbele, injini iko chini yake, usome namba ya injini kabla ya kuulizia bei.

Halafu uzito. Daladala hushusha abiria. Kitanda, jiko na tangi la maji havishuki. Lita 100 za maji ni kilo 100, kila siku, juu ya springi zilezile. Mimi ningetenga fedha ya springi na matairi kwanza, mapazia baadaye.