Kumtambua mtu mlangoni kwa mawimbi ya Wi-Fi: maana yake nini?

Watu wanaoishi pamoja hujuana kwa mshindo wa nyayo: kabla mlango haujafunguka, unajua ni nani anayeingia. Utambuzi wa mlangoni kwa mawimbi ya redio ni kazi hiyohiyo, ila sikio hapa ni antena.

Ruta ya Wi-Fi hutoa mawimbi kila mara. Yale ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 hivi, na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyanyonya kiasi na kuyaakisi mengine. Mtu akikatiza kati ya ruta na kifaa kinachopokea, mawimbi hufika yakiwa yamefifia au yamezunguka kwa njia nyingine. Kifaa hupima mabadiliko hayo mara nyingi kwa sekunde, na humo hujitokeza ukubwa wa mwili, urefu wa hatua, hata jinsi mikono inavyobembea. Mwaka 2013 Dina Katabi na Fadel Adib, watafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, walionyesha kuwa mawimbi ya Wi-Fi yanaweza kugundua mwendo wa mtu aliye nyuma ya ukuta.

Kwa nini mlangoni? Sebuleni watu huzunguka watakavyo, lakini mlangoni kila mtu hupita palepale, mara nyingi mmoja mmoja, kwa hiyo vipimo vya leo vinalinganishika na vya jana. Hata hivyo mfumo huu hufaa kwa watu wachache walioandikishwa, yaani ambao vipimo vya mwendo wao vimehifadhiwa kabla. Wakiongezeka, huanza kuwachanganya. Begi zito mgongoni au kabati lililohamishwa linaweza kuuvuruga.

Sasa faragha. Utasikia ikisemwa kwamba hakuna kamera, basi faragha ipo. Nusu yake ni kweli: hakuna picha ya uso wala ya mavazi. Lakini kamera angalau unaiona. Mawimbi huyaoni, giza haliyazuii, na mgeni hajui kama amepimwa. Tena mwendo wako si nywila, kwamba ukivuja utaweka mwingine.

Ndiyo maana swali la kuuliza ni vipimo vinakwenda wapi. Mfumo unaojali faragha humaliza kazi ndani ya kifaa chenyewe, hufuta vipimo ghafi papo hapo, hauweki alama ya mwendo ya mtu asiyeridhia, na wageni wote huwapa jina moja tu: "hajulikani".