Watoto wa Zamani Hawakukua Bila Kuangaliwa

Wengi waliokulia Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980 husema kwamba utoto wao ulikuwa huru, kwa kuwa walishinda nje tangu asubuhi hadi magharibi bila mzazi kuwafuata. Kwamba mzazi hakuwafuata ni kweli. Kwamba hawakuangaliwa si kweli. Jirani yeyote aliyemkuta mtoto mtoni au juu ya mwembe wa watu alikuwa na ruhusa ya kumkanya, hata kumchapa, na habari zilifika nyumbani kabla ya mtoto mwenyewe, huku balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa kaya kumi katika mfumo ulioanzishwa na chama tawala cha TANU katika miaka ya 1960, akizifahamu vyema kaya zake. Tena uhuru huo haukugawanywa sawa, jambo linalosahauliwa mno: msichana alibaki na maji, kuni na mdogo wake mgongoni wakati kaka yake akicheza chandimu, soka la mitaani. Kilichopungua leo, hasa mijini, ni majirani wanaofahamiana na viwanja vilivyo wazi, wala si ujasiri wa wazazi, ambao hulaumiwa bure kwa kumfungia mtoto ndani ya geti ilhali nje yake hakuna anayemjua.