Mapenzi ya Jinsia Moja na Sheria za Nchi: Dhana Potofu na Ukweli

"Sheria za Afrika zinazokataza ushoga zimetokana na mila za mababu." Dai hili ndilo linalorudiwa kuliko yote, na ndilo lililo mbali zaidi na historia. Mwaka 1860 Waingereza waliitungia India kanuni ya adhabu, na kifungu cha 377 kikayafanya makosa matendo ya kujamiiana "kinyume na maumbile". Kifungu hicho kilinakiliwa, kikarekebishwa kidogo, kikapelekwa koloni baada ya koloni. Ndicho kilichozaa vifungu vinavyotumika Kenya na Tanzania hadi leo, ilhali India yenyewe ilikwishaachana nacho kwa mapenzi ya hiari ya watu wazima, kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2018. Ufaransa ilikuwa imeondoa kosa hilo tangu 1791, na Côte d'Ivoire iliyotawaliwa nayo haijawahi kuyafanya mapenzi haya kuwa jinai.

Lakini tusiwatupie wakoloni kila kitu. Sheria ya Uganda ya 2023, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, ilipitishwa na Bunge la Waganda wenyewe. Burkina Faso haikurithi marufuku yoyote; imejiwekea yake mwaka 2025.

"Nchi zenye Waislamu wengi zote huadhibu ushoga." Si zote. Dola ya Uthmaniya, iliyoitangulia Uturuki ya leo, iliacha kulihesabu tendo hili kuwa kosa mwaka 1858, na Uturuki haijalirudisha. Jordan pia haina adhabu hiyo.

"Adhabu ikifutwa, ndoa zimeruhusiwa." Hayo ni mambo mawili. Mahakama ya Botswana ilifuta adhabu mwaka 2019, ndoa haikuguswa. Italia haiadhibu tangu 1890, lakini mpaka sasa inatambua muungano wa kiraia tu, nao ulianza 2016.

"Sheria ikibadilika, jamii imekubali." Laiti ingekuwa hivyo. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ilikuwa ya kwanza duniani kukataza ubaguzi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, na ndoa zikaruhusiwa 2006. Mwaka 2008 Eudy Simelane, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya soka ya wanawake ambaye hakuficha kuwa anapenda wanawake, alibakwa na genge la wanaume kisha akauawa huko KwaThema.

Na sheria zenyewe hurudi nyuma. Urusi ilifuta adhabu mwaka 1993. Ikapiga marufuku "propaganda" ya mapenzi haya kwa watoto 2013. Kisha 2023 Mahakama yake ya Juu ikatangaza kuwa harakati za kutetea wapenzi wa jinsia moja ni za itikadi kali. Sasa mtu anaweza kuwekwa kizuizini kwa kuonyesha bendera ya upinde wa mvua, alama ya harakati hizo.