Harry Hillman na kiunzi kifupi cha St. Louis

Kuna jambo kwenye matokeo ya zamani ya mita 400 kuruka viunzi (vizuizi vinavyopangwa njiani) ambalo huwachanganya wengi. Mwaka 1904, St. Louis, Harry Hillman wa Marekani alitwaa dhahabu ya Olimpiki kwa sekunde 53.0. Miaka minne baadaye, London, Mmarekani mwenzake Charles Bacon alishinda kwa sekunde 55.0, na muda wa Bacon ndio ulioandikwa kuwa rekodi ya dunia. Imekuwaje?

Tatizo ni kimo. St. Louis waliweka viunzi 10 vya sentimita 76.2, vile vile vya mita 200. Kimo rasmi cha viunzi vya mita 400 kwa wanaume ni sentimita 91.4; ndicho alichoruka Bacon, na ndicho alichoruka John Akii-Bua wa Uganda alipotwaa dhahabu Munich mwaka 1972.

Sentimita 15.2 zinabadilisha mchezo mzima. Kiunzi kifupi mtu hukipita kwa kurefusha hatua tu, nyonga zikibaki karibu na usawa wake wa mbio. Kwenye sentimita 91.4 lazima goti la mbele lipande, kifua kiinamie mbele, na goti la nyuma lipitie ubavuni. Asiyeinama kwa wakati hurukia juu badala ya mbele, hutua kwa kishindo, na kasi inakatika pale pale. Baina ya viunzi ni mita 35: hatua zikifupika kidogo, hesabu inavurugika na kiunzi kinachofuata unakifikia na mguu usiouzoea. Hali hiyo huwapata wengi kuanzia kiunzi cha saba au cha nane, miguu ikishachoka.

Kwa hiyo kiunzi kifupi kilimpendelea mwenye mbio, na Hillman mbio alikuwa nazo hasa. Tarehe 29 Agosti alishinda mita 400 za kawaida kwa sekunde 49.2, tarehe 31, mita 400 za viunzi, tarehe 1 Septemba, mita 200 za viunzi kwa sekunde 24.6. Katika zote mbili za viunzi, wa tatu alikuwa George Poage, mmoja wa Wamarekani weusi wa mwanzo kabisa kupata medali ya Olimpiki.

Mimi humpima Hillman kwa London. Huko, kwenye kimo kamili, alikimbia nusu fainali kwa sekunde 56.4, kisha fainali kwa 55.3, sekunde 0.3 tu nyuma ya Bacon. Medali ile ya fedha naithamini kuliko dhahabu yake ya 53.0, maana ndiyo inayoonyesha kwamba alijua kuruka, si kukimbia tu.

Ujuzi huo aliupeleka chuo cha Dartmouth huko Marekani, alikofundisha riadha kuanzia 1910 hadi alipofariki 1945. Mwanafunzi wake Earl Thomson wa Kanada alishinda mita 110 kuruka viunzi Antwerp mwaka 1920 kwa sekunde 14.8, mbio ambazo kiunzi chake kina sentimita 106.7.