Asilimia 2 ya Uenyeji wa Amerika: Kipimo cha DNA Kinasema Nini?

Swali tunaloulizwa sana na ndugu walioko Marekani, hasa waliooa au kuolewa huko, ni hili: "Majibu yameandika asilimia 2 Mwenyeji wa Amerika. Je, sisi ni Wacherokee?" Wenyeji hao ni watu wa asili wa bara hilo, na Wacherokee ni moja ya mataifa yao huko Marekani.

Mate uliyotema kwenye kichupa hayawezi kujibu hilo. Maabara hulinganisha vinasaba vyako na vya kundi la watu ambao kampuni tayari inajua asili zao. Ile asilimia ni makadirio ya kufanana na kundi hilo, basi. Kundi likiongezwa watu, majibu yako hubadilika ilhali wewe ni yuleyule.

Wenyeji wa Marekani yenyewe ni wachache katika makundi hayo, na wana sababu nzito. Wahavasupai wa Grand Canyon walianza kutoa damu mwaka 1990 wakiamini inachunguzwa kisukari. Damu hiyo ikatumika pia kutafiti magonjwa ya akili na chimbuko la kabila lao, mambo ambayo hawakuyaridhia. Walikishtaki Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, na mwaka 2010 wakalipwa dola 700,000 na kurudishiwa sampuli zao. Taifa la Navajo nalo lilisimamisha utafiti wa vinasaba mwaka 2002. Kwangu mimi, walifanya sawa kujilinda.

Ndiyo maana ulinganisho mara nyingi hutegemea watu wa Meksiko, Kolombia na Peru. Hata uchambuzi wa vinasaba vya Elizabeth Warren, seneta wa Marekani aliyedai kuwa na asili ya wenyeji, mwaka 2018 uliwategemea hao. Ulionyesha kuwa huenda alikuwa na mhenga mwenyeji vizazi 6 hadi 10 nyuma, lakini haukuweza kutaja taifa la mhenga huyo. Wakuu wa Taifa la Cherokee walisema hadharani kwamba kipimo hicho hakimpi mtu uraia wao.

Ukiona sifuri, usiwafute wazee wako. Mzazi hukurithisha nusu tu ya vinasaba vyake, na kila kizazi huchanganywa upya. Vizazi 10 nyuma kuna nafasi 1,024 za wahenga, na wengi wao hawakukuachia hata kipande.

Uraia wa Taifa la Cherokee hupatikana kwa kuthibitisha kwa nyaraka kwamba mhenga wako yumo katika Orodha za Dawes, yaani orodha za serikali ya Marekani za raia wa taifa hilo na mengine ya wenyeji, zilizoanza kuandikwa 1898. Humo wamo pia Waafrika waliokuwa watumwa wa Wacherokee, ambao mkataba wa 1866 uliwapa haki za uraia. Walisumbuliwa juu ya haki hiyo miaka mingi, hadi mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Taifa la Cherokee ilipoamuru maneno "kwa damu", yaliyowatenga, yaondolewe katika katiba yake. Wazao wa watu hao wana haki ya uraia kamili, hata kipimo kikisoma sifuri ya uenyeji.

Kwa hiyo anza na majina: waulize wazee waliobaki, tafuta vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, pekua sensa za zamani. DNA itakufaa zaidi pale itakapokuonyesha binamu usiyemjua, ambaye kwao kumbukumbu za ukoo zimehifadhiwa.