Kazi yangu ni kukaa mkiani

Kwenye misafara ya baiskeli ya kuchangisha fedha, wapiga picha humkimbilia aliye mbele. Mimi hukaa nyuma kabisa, na mkoba wa spana, tyubu na pampu. Ni fundi, na pia ndiye ninayehakikisha hakuna anayeachwa njiani. Ukikaa huko nyuma unagundua jambo ambalo wa mbele halioni: kasi anayoichagua yeye inalipwa na wa mwisho.

Safari hizi si mashindano, ingawa kila asubuhi kuna anayesahau. Waliotoa michango hawakumchangia mtu kwa sababu ana mbio. Walimchangia kwa sababu wanamjua na wanaijua sababu yake ya kuendesha. Wengi hawajawahi kushinda kutwa nzima juu ya tandiko. Na kutwa ni kutwa kweli. Msafara wa AIDS/LifeCycle, wa kuchangia vita dhidi ya UKIMWI nchini Marekani, kutoka San Francisco hadi Los Angeles, ulikuwa wa kama kilomita 877 kwa siku 7, yaani wastani wa kilomita 125 kwa siku. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, hizo ni saa saba bila kuhesabu vituo.

Saa ya kwanza ndiyo inayoniumiza kichwa. Watu wamelala vizuri, barabara ni tupu, na wenye miguu mizuri wanafyatuka. Lakini wanga uliomo kwenye misuli na ini la mtu ni kama gramu 400 hadi 500 tu. Ukiukanyaga mwendo mapema, unaumaliza mapema. Ukienda taratibu, mafuta ya mwili hubeba sehemu kubwa ya kazi. Kipimo changu ni mazungumzo. Namuuliza mtu swali linalohitaji maelezo. Akinijibu kwa sentensi nzima, tuendelee. Akijibu neno moja moja huku anahema, napeleka ujumbe mbele wapunguze.

Kisha kuna upepo. Nguvu inayohitajika kuupasua hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi, yaani kasi kuzidishwa kwa yenyewe na tena kwa yenyewe. Ukitoka kilomita 20 kwenda 25 kwa saa, kwa upande wa upepo peke yake unadaiwa karibu maradufu. Ndiyo maana kujikinga nyuma ya mwenzako kuna faida kubwa, na ndiyo maana watu hudhani dawa ya mnyonge ni kumweka mwisho, akingwe na wote.

Hapo ndipo wanapokosea. Msafara haukai umbali mmoja. Hujikunja na kujivuta kama nyungunyungu. Wa mbele akimaliza kona anakanyaga, anarudi kwenye kasi yake. Wakati huo wa mwisho bado yuko ndani ya kona, ameshika breki. Akitoka, pengo limeshafunguka na inabidi alifukuzie peke yake, bila mtu wa kumkinga. Kona inayofuata, hivyo hivyo. Kileleni mwa mlima ni vibaya zaidi, kwa sababu wenzake wameanza kuteremka naye bado anapanda. Jumlisha siku nzima: mtu dhaifu kuliko wote ndiye aliyepiga mbio nyingi kuliko wote, na jioni anaambiwa hakufanya mazoezi ya kutosha. Kwa hiyo nawaomba wanaoongoza, wakipita kona au kilele, wahesabu polepole hadi thelathini kabla ya kurudisha mwendo. Hawapendi, ila wanazoea.

Vituo vya kupumzika navitumia kutazama mikono. Vidole vilivyovimba, pete imebana, mtu analalamika kichwa na kichefuchefu lakini chupa zake zote ni tupu: huyo huenda amekunywa maji matupu kupita kiasi na chumvi ya damu imeshuka. Kumwongezea maji ni kumzidishia. Namtoa kwenye baiskeli, nazuia maji, na namkabidhi kwa wahudumu wa afya wa msafara. Akianza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya hospitali. Ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete ni jambo jingine, ni neva iliyobanwa kwenye kiganja na usukani. Abadili mikono mara kwa mara, akunje viwiko kidogo, na mimi naangalia kama tandiko limeinamia mbele na kumwangushia uzito wote mikononi.

Kula ni rahisi kusema: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia saa ya kwanza, njaa iwepo isiwepo. Na bukta yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani. Nalisema hili kila safari, na kila safari kuna asiyeamini mpaka ngozi ichubuke.

Pancha ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kabla ya kuweka kiraka nasoma tundu. Matundu mawili madogo sambamba yanamaanisha tyubu ilibanwa kati ya rimu na jiwe au shimo, kwa hiyo upepo ulikuwa mdogo. Tundu moja ni mwiba, kigae au kiwaya. Basi napitisha vidole ndani ya tairi polepole, mzunguko mzima, hadi kitu kinichome. Kiwaya chembamba kama unywele kinatosha kuiua tyubu mpya baada ya mita mia, na wenye haraka huniletea tairi ile ile tena.

Jioni, wengine wakijinyoosha, nafuta minyororo, nakagua raba za breki na kubinya spoku mbili mbili kutafuta iliyolegea. Halafu napanga safu ya kesho. Aliyechoka zaidi namweka wa tatu kutoka mbele, ambako amekingwa na pengo halimfikii. Mwenye nguvu kuliko wote anakuja kukaa nami mkiani. Huwa ananuna hadi kona ya nne au ya tano, kisha anaanza yeye mwenyewe kupiga kelele wa mbele wapunguze.