Toleo jipya halimezi data: dhana potofu kuhusu kupandisha hifadhidata

Kwenye maduka ya jumla ya Kamukunji na ofisi za vyama vya akiba katikati ya Nairobi, ni kawaida kukuta seva ya hifadhidata iliyowashwa miaka mingi iliyopita na haijaguswa tena. Inayoilinda ni hofu. Mengi yanayosemwa kuhusu kupandisha toleo ni uvumi, na baadhi ya uvumi huo ndio hasa unaopoteza data. Nitazungumzia zaidi PostgreSQL, na MySQL inapobidi; zote mbili ni programu za kuendesha hifadhidata.

"Inafanya kazi, usiiguse."

Kila toleo kuu la PostgreSQL hutunzwa kwa miaka 5. Toleo la 12 lilitoka 2019 na likapata marekebisho yake ya mwisho Novemba 2024. MySQL 5.7 ilifika mwisho Oktoba 2023. Tundu la usalama likigunduliwa baada ya hapo, watengenezaji hawalizibi tena. Hofu hii pia huchanganya kazi mbili tofauti. Kutoka 15.3 hadi 15.8 ni marekebisho madogo, na umbo la mafaili ya data halibadiliki: unasimamisha seva, unaweka programu mpya, unawasha. Kutoka 12 hadi 16 ndiko kunakohitaji mpango.

"Nimebadilisha toleo, data yote imeenda."

Wanaolia hivi mara nyingi ni watumiaji wa Docker, zana ya kuendesha programu ndani ya makontena. Mtu anafungua faili la mipangilio, anafuta 12, anaandika 16, anawasha, na seva inagoma. Akisoma kumbukumbu za seva (logs) ataona imeandikwa kwamba folda ya data ilianzishwa na toleo la 12, nayo haipatani na toleo hili. Data iko palepale. Seva imekataa kuigusa, na imefanya vyema. Rudisha ile 12 na kila kitu kitawaka. Hasara huja dakika inayofuata, mtu anapofuta volyumu nzima, yaani hifadhi yenye data yenyewe, "ili ianze upya".

Kwenye mifumo ya Linux ya Ubuntu na Debian mambo huenda kwa njia nyingine. Ukisakinisha toleo jipya, linaanzishwa kando likiwa tupu, kwa kawaida kwenye poti (mlango wa mawasiliano) 5433, huku la zamani likiendelea na kazi kwenye 5432. Andika pg_lsclusters utaona mistari miwili, kila toleo na poti yake. Anayepiga kelele kwamba majedwali yametoweka huenda amebisha tu hodi kwa jirani.

"Bakapu ipo."

Ipo wapi, na nani aliwahi kuirejesha? Faili la bakapu linaloandikwa kila usiku laweza kuwa na ukubwa wa sifuri tangu diski ilipojaa, na hakuna anayejua kwa sababu hakuna anayelifungua. Hata lililo zima lina mapengo yake. pg_dump, amri ya kutoa bakapu, hubeba hifadhidata moja tu. Watumiaji wa seva na maneno yao ya siri hawamo. Hao huchukuliwa kwa pg_dumpall pamoja na chaguo la --globals-only. Na unapohama, tumia pg_dump ya toleo jipya kusoma seva ya zamani, si kinyume chake.

Wakati wa kurejesha kuna mtego ambao wengi hawaujui: psql, programu inayolisoma faili la bakapu, ikikutana na kosa katikati, huandika lalamiko na kuendelea na mstari unaofuata. Jedwali moja likikwama, mengine yatapita, na mwisho skrini itatulia kana kwamba mambo ni shwari. Weka ON_ERROR_STOP ili isimame papo hapo. Kisha hesabu rekodi za majedwali makubwa pande zote mbili, na ulinganishe jumla ya fedha, maana idadi ya rekodi peke yake haitoshi.

Jaribio hilo la kurejesha lisifanyiwe kwenye laptopu ya mtu binafsi. Bakapu ya chama cha akiba ina majina, nambari za vitambulisho na za simu. Flashi ikipotea kwenye matatu, unaweza kujikuta chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 uvujaji unapohatarisha wahusika.

"Seva ya pili inanakili kila kitu, hiyo ndiyo bakapu yetu."

Ukifuta jedwali kwa bahati mbaya kwenye ya kwanza, ya pili nayo italifuta mara moja.

"pg_upgrade ikimaliza bila kosa, kazi imekwisha."

pg_upgrade ni zana ya kuhamisha mafaili ya data hadi toleo kuu jipya. Hapa ndipo ningependa watu watulie, kwa sababu tatizo baya kuliko yote halitoi sauti. PostgreSQL kwa kawaida hutegemea maktaba ya mfumo wa kompyuta, glibc, kuamua neno gani litangulie lingine katika mpangilio. Toleo la 2.28 la glibc lilibadilisha mpangilio huo kwa kiasi kikubwa. Ubuntu 18.04 iko upande wa zamani, 20.04 upande mpya; Debian 9 na 10 vivyo hivyo. Chukua misimbo miwili ya bidhaa, 1-1 na 11, uipange kwa kanuni za Kiingereza cha Marekani: mfumo wa zamani utatanguliza 11, mpya utatanguliza 1-1.

Sasa faharasa, ile orodha ambayo seva huitumia kutafuta haraka, ilipangwa kwa utaratibu wa zamani, na seva inaitafuta kwa utaratibu mpya. Karani anaandika msimbo wa bidhaa iliyopo, anaambiwa haipo. Anaiingiza upya, na hata kizuizi cha kutorudia kinampitisha. Data haijafutika, ila kuna rekodi mbili za kitu kimoja na hesabu za stoo hazikubaliani tena. Hili hutokea mafaili ya data yanapohamishwa yalivyo hadi kwenye mfumo mpya, kwa pg_upgrade au kwa kunakili diski. Ukihama kwa pg_dump, faharasa hujengwa upya na hatari hii haipo. Vinginevyo, endesha REINDEX, amri ya kuzijenga upya, kwenye faharasa za maandishi kabla ya kuruhusu mtu yeyote kuandika.

"Toleo jipya ni zito."

Takwimu zinazomwongoza mpangaji wa maswali, ile sehemu ya seva inayochagua njia ya kutafuta data, hazikuhamishwa na pg_upgrade hadi toleo la 18 la mwaka 2025. Endesha vacuumdb yenye --analyze-in-stages ili zikusanywe upya, kisha ndipo ulalamike.

"Lazima upande ngazi moja moja."

Kwa PostgreSQL, hapana: 12 hadi 16 ni hatua moja. Kwa MySQL ndiyo: 5.7 haiendi 8.4 bila kupitia 8.0, na ukishafika 8.0 seva hairudi 5.7 kwa mafaili yaleyale.

"Tukikwama tutarudi kwenye ya zamani."

Inategemea. Ukitumia pg_upgrade na --link ili kuokoa nafasi, toleo la zamani na jipya yanatumia mafaili yaleyale, na ukishawasha jipya, la zamani si salama kuliwasha tena. Kama diski ina nafasi, nakili.

Lakini hata ukiwa na nakala, muda wa kurudi ni mfupi. Mwanachama wa kwanza akilipa kupitia Paybill na malipo yakaandikwa kwenye seva mpya, ya zamani haiyajui. Kwa hiyo majaribio yote yafanyike mlango ukiwa bado umefungwa. Kwa maoni yangu Jumapili asubuhi inafaa kuliko saa nane usiku. Akili ziko macho na wa kupigiwa simu wanapatikana. M-Pesa haitakungoja: pesa zaweza kuingia huku seva imezimwa na taarifa zake zisifike kwenye mfumo wako. Pakua taarifa ya akaunti ya kipindi hicho, uilinganishe na majedwali muamala kwa muamala, halafu ndipo ufungue.